Uliza Hesabu: Namba Ndefu na Jinsi ya Kuifungua

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja. Mtu kapewa namba ya tarakimu sita, tisa au kumi, kaanza kuigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, mpaka kachoka. Kabla hujaanza kugawa, angalia namba imetokana na nini. Ni kipeo cha mbili kilichoongezwa moja? Ni tarakimu zinazojirudia? Ni jirani wa namba mraba? Majibu mengi hapa chini yanaanzia hapo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetakiwa kuonyesha kama 4,294,967,297 ni namba tasa. Nimeigawa kwa namba tasa zote zilizo chini ya 500 na kila mara inabaki kitu. Programu moja ya simu nayo inasema "huenda ni tasa". Niandike kwamba ni tasa?
*Mwanafunzi wa chuo*

JIBU: Usiandike. Namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Ulipomaliza 499 ulikuwa umeshajaribu namba tasa 95, na 641 ni ya 116 katika foleni. Yaani zilibaki 21 tu uifikie. Pole.

Kwanza tuelewane mahali pa kukomea. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yako ni 65,536 na chembe ndogo sana. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, na kwa njia ya kugawa moja moja ungelazimika kuzipitia zote ndipo useme "ni tasa". Kukomea 500 kunathibitisha jambo moja tu: hakuna kigawo kilicho chini ya 500.

Sasa tazama ilivyojengwa. 2³² ni 4,294,967,296, na yako ni hiyo ukijumlisha 1. Tuseme p ni namba tasa inayoigawa 2³² + 1 bila baki. Basi 2³² ikigawanywa kwa p inapungukiwa na moja tu ili igawanyike sawasawa. Baki lake ni p − 1, ambalo tunaweza kuliita −1. Lipandishe kipeo cha pili: 2⁶⁴ inaacha baki 1. Kwa hiyo ukiorodhesha mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, orodha inarudi mwanzo baada ya hatua 64. Haiwezi kurudi mapema zaidi, kwa sababu kama ingefanya hivyo, urefu wa mzunguko ungeigawa 32 bila baki, na 2³² nayo ingeacha baki 1, na tumeshaona inaacha −1. Hapo inaingia kanuni ya mwanahisabati Fermat: urefu wa mzunguko kama huo lazima uigawe p − 1 bila baki. Kwa hiyo p si namba yoyote tu. Ni lazima iwe 64 mara kitu fulani, ukijumlisha 1.

Ziandike: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tupa zisizo tasa (65 ni 5 × 13, 129 ni 3 × 43, na wenzake), zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Kati ya zile 95 ulizohangaika nazo, ni tatu tu zilizostahili kujaribiwa. Leonhard Euler ndiye aliyeivunja namba hii, mwaka 1732, na sharti hili la 64 ni lake. Baadaye Édouard Lucas alilikaza: badala ya 64 weka 128. Ukifuata sharti la Lucas, njiani hadi 641 zinabaki mbili tu, 257 na 641 yenyewe. 257 inaacha baki 2, kwa hiyo haifai.

Kuthibitisha 641 hakuhitaji hata kikokotoo. Unapandisha kipeo cha pili, unagawa kwa 641, unashika baki, unaendelea nalo:

2⁸ = 256, bado ni ndogo kuliko 641, iache.
2¹⁶: 256 × 256 = 65,536. Toa 641 × 102 = 65,382. Baki 154.
2³²: 154 × 154 = 23,716. Toa 641 × 36 = 23,076. Baki 640.
Jumlisha 1: unapata 641, yaani hakuna baki.

Hakuna mahali ulipoandika zaidi ya tarakimu tano. Wanaokosea hapa ni wale wanaokamilisha kipeo chote kwanza, wakapata namba ndefu, ndipo wakaanza kuigawa. Gawa kila hatua. Baki halibadiliki kwa kufanya hivyo.

Usiishie hapo, kwa sababu msahihishaji atauliza: je, 6,700,417 ni tasa? Kigawo chochote chake ni kigawo cha namba mama, kwa hiyo sharti la 128 linambana na yeye. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 2,588 na 2,589. Namba tasa zenye umbo hilo kuanzia 641 hadi hapo ni nne tu: 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yake ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, na 257 tulishaiondoa. Basi 6,700,417 ni tasa, na umeithibitisha kwa mistari minne.

Kuhusu ile programu, neno "huenda" lilikuwa la haki. Programu nyingi za haraka hutumia jaribio la Fermat: kama N ni tasa (na si 2), basi 2 kwa kipeo cha N − 1, ikigawanywa kwa N, inaacha 1. Watu huligeuza wakadhani kila inayoacha 1 ni tasa. Kwa namba yako N − 1 ni 2³². Mzunguko wa mabaki tumeshauona, ni hatua 64, na 2³² inagawanyika kwa 64 bila baki. Lazima jibu liwe 1! Namba zote za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo mara mbili mbili, ukijumlisha 1) hulipita jaribio la 2, ziwe tasa zisiwe tasa. Ukiweka 3 mahali pa 2, 4,294,967,297 inaanguka mara moja. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua namba ya kujaribia, usitumie 2 peke yake.

Fermat mwenyewe aliamini kwamba ukoo wote ni tasa, kwa sababu watano wa kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Yako ndiyo ya sita, nayo ikaivunja imani hiyo. Ya saba, 2⁶⁴ + 1, ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Hadi leo haijapatikana nyingine iliyo tasa baada ya zile tano.

SWALI: Mwanangu ameambiwa aseme 720,720 ina vigawo vingapi. Kanuni aliyoikariri inampa 8, lakini akiandika kwa mkono ameshapita 30 na bado vinakuja. Kosa liko wapi?
*Mzazi*

JIBU: Vigawo ni 240. Kanuni ameishika nusu.

Tuanze na kuivunja, maana hapa macho yanatosha. Namba imeandikwa 720 mara mbili mfululizo. Namba yoyote ya namna hiyo, tarakimu tatu zikirudiwa, ni hizo tatu mara 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa hiyo 583,583 au 206,206 unajua hapohapo kwamba zinagawanyika kwa 7, 11 na 13 bila kuhesabu. Upande wa 720 ni 2⁴ × 3² × 5. Jumla yake:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Mtoto amezidisha vipeo kama vilivyo: 4 × 2 × 1 × 1 × 1 × 1 = 8. Kila kipeo kinatakiwa kuongezwa 1 kwanza. Sababu ni hii: kila kigawo kinaundwa kwa kuchagua. Kwenye 2 unaweza kuchukua nne, tatu, mbili, moja, au usichukue hata moja. Hizo ni njia tano, si nne. Kwenye 3 ni njia tatu. Kwenye 5, 7, 11 na 13 kila moja ni mbili, kuchukua au kuacha. Basi 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Mwambie aipime kanuni kwa 12, ambayo ni 2² × 3: akisahau kuongeza moja anapata 2, akiongeza anapata 3 × 2 = 6, na 1, 2, 3, 4, 6, 12 ni sita kweli.

Akilazimishwa kuviandika vyote, aviandike kwa jozi zinazozaa 720,720: 1 na 720,720, 2 na 360,360, 3 na 240,240. Jozi ni 120. Upande mdogo wa jozi hauwezi kupita 848, kwa kuwa 849 × 849 tayari ni 720,801. Jozi ya mwisho ni 840 × 858. Akiifikia hiyo na hana jozi 120, ameruka kitu njiani. Mara nyingi ni namba zilizochanganya 11 au 13 na 16, kama 176, 208 na 624.

Namba hii haikuchaguliwa ovyo. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo 240. Tena ndiyo ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16, yaani ni KDS (kigawe kidogo cha shirika) yake. Wengine wakiulizwa KDS hiyo huzidisha 1 × 2 × 3 mpaka 16, wakapata 20,922,789,888,000. Hilo ni jibu kubwa mno, kwa sababu 2 zimehesabiwa mara 15 wakati 16 yenyewe inahitaji nne tu. Ikifika 17 bahati inaisha: inabaki 5.

SWALI: Naomba KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS ya 123,456,789 na 987,654,321. Ya kwanza nimeivunja hadi 9 × 13,717,421 nikakwama. Na nikitumia lahajedwali, KDS inaishia na 100, kikokotoo kingine kinaishia na 140. Kipi ni sahihi?
*Mwalimu wa hesabu*

JIBU: Vyote viwili vimekosea. KDS ni 13,548,070,123,626,141.

KKS kwanza, na hapa, mwalimu, ulijitwisha mzigo usio wako. Kuvunja namba kubwa katika vigawo tasa ni kazi ngumu. Kutafuta KKS ni kazi nyepesi, na haihitaji kuvunja chochote. Tumia njia ya Euclid: gawa kubwa kwa ndogo, kisha gawa ndogo kwa baki, hadi baki liwe sifuri.

987,654,321 = 8 × 123,456,789 + 9
123,456,789 = 9 × 13,717,421 + 0

Baki la mwisho kabla ya sifuri ni 9. KKS ni 9, hatua mbili.

Hata hivyo 13,717,421 isikuache na donge moyoni. Ukiigawa kwa namba tasa kwa zamu utapita zaidi ya 500 ndipo ufike kigawo cha kwanza. Kipeuo chake cha pili ni 3,703 na ushei, na vigawo vyake viko karibu sana na hapo, mahali ambapo kugawa kwa zamu hufika mwisho kabisa. Kwa hali kama hiyo Fermat alikuwa na njia nyingine: tafuta namba mraba iliyo juu kidogo, toa namba yako, uone kama kinachobaki nacho ni mraba.

3,704² = 13,719,616. Ukitoa 13,717,421 inabaki 2,195. Si mraba (46² ni 2,116, 47² ni 2,209).
3,705² = 13,727,025. Inabaki 9,604, nayo ni 98².

Kwa hiyo 13,717,421 = 3,705² − 98² = (3,705 − 98) × (3,705 + 98) = 3,607 × 3,803. Majaribio mawili. Lakini njia hii ina tabia zake: vigawo vikiwa mbalimbali, kama 641 na 6,700,417, itakuchelewesha kuliko kugawa kwa kawaida. Jaribu mara kumi au ishirini, ikikataa, iache.

KDS sasa. Ni zao la namba zote mbili kugawanywa kwa KKS. Usizidishe kwanza ndipo ugawe, kwa maana zao kamili ni 121,932,631,112,635,269 na litakusumbua bure. Gawa moja kwa 9 kwanza: 13,717,421 × 987,654,321. Hata hivyo jibu lina tarakimu 17, na hapa ndipo mashine zinapokuangusha. Lahajedwali hutunza tarakimu 15 za mwanzo na kujaza sifuri zinazofuata, ndiyo maana umeona mwisho wa 100. Programu nyingine hutunza namba kwa namna inayoshika namba nzima zote hadi 2⁵³ tu, yaani 9,007,199,254,740,992. Kati ya hapo na 2⁵⁴ zinaweza kushika shufwa peke yake. KDS yako iko katika eneo hilo na ni witiri, kwa hiyo ikasukumwa hadi 140. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, na hilo ndilo baya lake.

Fanya kwa mafungu ya tarakimu tatu. Kila fungu linaenea kwenye kikokotoo cha tarakimu 12:

13,717,421 × 321 = 4,403,292,141
13,717,421 × 654 = 8,971,193,334, ongeza sifuri tatu
13,717,421 × 987 = 13,539,094,527, ongeza sifuri sita

Zijumlishe kwenye karatasi, sifuri zikiwa mahali pake. Kisha pima kwa haraka mara mbili. Tarakimu ya mwisho: 1 × 1 ni 1, kwa hiyo jibu lolote linaloishia na 0 litupe. Halafu jumla ya tarakimu: 987,654,321 inagawanyika kwa 9, basi na KDS lazima igawanyike. Tarakimu za jibu sahihi zinajumlika kuwa 54, sawa. Za lahajedwali ni 49, za kikokotoo ni 53. Zote mbili zinajisuta zenyewe.

SWALI: Nilisomea mwenzangu kwa sauti "elfu mia mbili na tano", akaandika 200,005. Mimi nilimaanisha 205,000. Nani mwenye kosa?
*Karani*

JIBU: Hakuna, kosa ni la mpangilio. "Elfu" ikitangulia, msikilizaji hajui kama "na tano" iko ndani ya elfu au nje. Itaje elfu mwishoni mwa fungu lake: "mia mbili na tano elfu" haina utata. Au tumia laki: "laki mbili na elfu tano". Kwa 200,005 sema "laki mbili kamili, na tano".

Ukitumia laki kumbuka kwamba haina fungu lake kwenye maandishi. Ina sifuri tano, kwa hiyo inakaa ndani ya fungu la elfu. Ile namba ya swali la kwanza, 4,294,967,297, inasomwa: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa, sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Anayeandika kwa kusikiliza asiweke alama ya mkato baada ya laki. 9 na 67 zinakaa pamoja, 967. Na kama ni 9 na 7, yaani laki tisa na elfu saba, sifuri ya katikati isisahaulike: 907.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nikiizidisha 142,857 kwa 2, 3, 4, 5 au 6, tarakimu ni zilezile zinazunguka tu. Kuna namba kubwa zaidi yenye tabia hii? Nilijaribu kuipata kwenye 1/13 haikukubali.
*Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba. Ipo, tena ya tarakimu 16, na umekaribia kuipata. Umesimama kwenye 13 wakati ilikuwa 17.

142,857 inatokana na 1/7. Gawa 1 kwa 7 kwa mkono na uangalie mabaki, usiangalie jibu: 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Mabaki yote sita yanayowezekana yamepita, kila moja mara moja. Unapozidisha kwa 3 ni sawa na kuhesabu 3/7, yaani kuanza kugawa pale ambapo baki ni 3. Njia ni ileile, umepandia kituo kingine tu: 428,571. Ukizidisha kwa 7 mzunguko unakatika na unapata 999,999.

Sasa 1/13. Mabaki ni 1, 10, 9, 12, 3, 4, kisha yanarudi 1. Ni sita tu kati ya kumi na mawili. Mengine sita yana mzunguko wake. Ndiyo maana 076923 × 3 = 230769 inazunguka vizuri (3 imo kwenye orodha), lakini 076923 × 2 = 153846, sura mpya kabisa, kwa sababu 2 haimo.

Kwa 17 mabaki yote 16 yanapita katika mzunguko mmoja, nayo inatoa:

0588235294117647

Mara 2 ni 1176470588235294, na ni hivyo hadi mara 16. Mara 17 unapata 9 kumi na sita. Sifuri ya mbele ni sehemu ya namba hapa. Ukiifuta, tarakimu zinakuwa 15 na mzunguko unaonekana kuharibika. Kikokotoo cha tarakimu kumi hakitakuonyesha yote, kwa hiyo gawa kwa mkono: 10 kwa 17 ni 0 baki 10, 100 ni 5 baki 15, 150 ni 8 baki 14, 140 ni 8 baki 4, 40 ni 2 baki 6. Endelea mpaka baki lirudi 1. Baada ya 17 zinafuata 19 (tarakimu 18), 23 (tarakimu 22) na 29 (tarakimu 28). Kama namba tasa za aina hii hazina mwisho, hilo bado halijathibitishwa na mtu yeyote.

SWALI: 2¹⁰⁰⁰ ina tarakimu ngapi, na zao la 1 × 2 × 3 hadi 100 linaishia na sifuri ngapi? Majibu yangu ni 301 na 20.
*Msomaji*

JIBU: Ni 302 na 24.

La kwanza umetumia logi ya 2 kuwa 0.3. Kwa kipeo cha 10 ingekutosha, kwa kipeo cha 1,000 kosa dogo limekua mara elfu. Tumia 0.30103: mara 1,000 ni 301.03. Chukua sehemu nzima, 301, jumlisha 1. Na tarakimu ya mwisho ni 6, kwa kuwa vipeo vya mbili huishia 2, 4, 8, 6 kwa zamu na 1,000 inagawanyika kwa 4.

La pili, kila sifuri inahitaji 2 na 5. Mbili zimejaa tele, kwa hiyo hesabu 5. Kutoka 1 hadi 100 kuna vigawe 20 vya 5; hapo ndipo ulipoishia. Lakini 25, 50, 75 na 100 kila moja ina 5 mbili ndani yake, na umeihesabu moja tu. Ongeza 4. Ukitaka zao hadi 1,000, endelea na 125 na 625 pia: 200 + 40 + 8 + 1, sifuri 249.